Goti Lisipasuliwe kwa Sababu ya Picha

Mtu wa miaka 50 anayeumwa goti siku hizi, kama ana bima au watoto wenye uwezo, hupita njia ile ile. Huanza na vidonge vya maumivu kutoka duka la dawa, akachuliwa kwa mafuta, akaambiwa na jirani kwamba ute wa goti umekauka, na maumivu yasipoisha akapelekwa kwenye kipimo cha MRI. Majibu yanarudi na sentensi moja inayoifunika karatasi nzima: meniskasi imechanika. Tangu hapo hakuna anayeuliza tena maumivu yalianzaje, wala misuli ya paja ina nguvu kiasi gani. Kinachoulizwa ni tarehe ya upasuaji na nani atalipa. Nadai hapa kwamba kwa watu wengi waliovuka miaka 40, ambao hawakupata ajali wala kujipinda ghafla uwanjani, sentensi ile peke yake haitoshi kuwapeleka chumba cha upasuaji. Na kwa wale wachache ambao kweli wanahitaji kisu, swali la kwanza liwe kama meniskasi inaweza kushonwa, kabla ya kufikiria kiasi gani kitakatwa. Madai haya hayatoki kwa wauza mitishamba wala dawa za kupaka. Yametoka kwa madaktari wapasuaji wenyewe, waliojipima kwa ukali ambao taaluma nyingi hazithubutu.

Kila goti lina meniskasi mbili, moja upande wa ndani na nyingine upande wa nje, vipande vya gegedu ngumu vyenye umbo la hilali vilivyolala kati ya mfupa wa paja na mfupa wa ugoko. Mfupa wa paja una ncha za mviringo na ule wa chini una uso ulio karibu bapa, hivyo bila meniskasi mifupa hiyo ingegusana katika eneo dogo na uzito wa mwili ungeangukia hapo hapo. Meniskasi hulitanua eneo hilo, na husaidia goti lisiyumbe. Kinachoamua hatima yake ikichanika ni damu. Kwa mtu mzima mishipa ya damu hufika ukingo wa nje tu, takriban theluthi moja ya upana wake au pungufu. Sehemu ya ndani hulishwa na majimaji ya goti. Mchaniko wa ukingoni unaweza kuunga ukishonwa, ule wa ndani zaidi mara nyingi hauungi. Tena iko michaniko ya aina mbili ambayo karatasi ya majibu huiweka chini ya jina moja. Kijana wa miaka 22 aliyegeuka kwa kasi huku njumu zimeshika nyasi amechana gegedu yenye afya. Mama wa miaka 55 ambaye goti lilianza kumuuma taratibu, bila siku anayoweza kuitaja, gegedu yake imelegea na kufumuka nyuzi kwa umri. Fundi cherehani anaijua tofauti hii: kanga mpya iliyonaswa na msumari hushoneka ikashika, lakini kanga iliyochakaa ukiipitisha sindano, uzi wenyewe huendelea kuichana.

Historia ya upasuaji huu haiwapi madaktari sababu ya kujiamini kupita kiasi. Mwaka 1883 Thomas Annandale, daktari mpasuaji wa Edinburgh, aliishona meniskasi iliyochomoka ya mchimba madini, na mgonjwa akarudi kazini. Badala ya kuufuata mfano huo, taaluma ilikwenda upande mwingine. Mwishoni mwa karne ya 19 John Bland-Sutton, mpasuaji aliyeheshimiwa sana Uingereza, aliziandika meniskasi kuwa mabaki ya misuli yasiyo na kazi, na kwa miongo kadhaa iliyofuata zilizochanika ziling'olewa nzima nzima. Mwaka 1948 daktari Mwingereza T. J. Fairbank alichapisha picha za X-ray za magoti yaliyong'olewa meniskasi. Nafasi kati ya mifupa ilikuwa imepungua, kingo za mfupa zimeota vishungi, ncha ya mfupa wa paja imebonyea. Onyo lilikuwa wazi, lakini kung'oa kuliendelea miaka mingi baadaye. Huko Japani nako ufundi mwingine ulikuwa unakua. Kenji Takagi alichungulia ndani ya goti la maiti kwa darubini ndogo mwaka 1918, na mwaka 1962 mrithi wake Masaki Watanabe akakata kipande cha meniskasi ya mgonjwa bila kulifungua goti lote. Leo kazi hiyo hufanywa kwa matundu mawili madogo, kamera na vifaa vyembamba, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake.

Wepesi huo ndio uliotupoteza. Kazi ilipokuwa ngumu, daktari alisita. Ilipokuwa rahisi, kila goti lenye mchaniko likaonekana linafaa. Mgonjwa huambiwa goti litasafishwa, naye huelewa kwamba kilichoharibika kitatengenezwa. Kwa hakika, katika upasuaji mwingi wa aina hii hakuna kinachotengenezwa: sehemu iliyofumuka hukatwa na kutolewa, na kinachobaki ni meniskasi ndogo kuliko ile ya jana. Vipimo vya maabara vilivyochapishwa mwaka 1986 na Baratz na wenzake, kwa magoti ya maiti, vilionyesha gharama yake. Kutoa sehemu ya meniskasi kuliongeza mgandamizo kwenye eneo la mguso kwa takriban asilimia 65, na kuitoa yote kuliongeza kwa asilimia 235. Meniskasi haioti tena. Kila kipande kinachotupwa kinauhamishia uzito wake uso wa mfupa, na goti hulibeba deni hilo kila mtu anaposhuka ngazi au kuinuka kutoka mkekani.

Bado mtu anaweza kusema: ikiwa mchaniko upo na maumivu yapo, si ni dhahiri kwamba kimoja kinasababisha kingine? Hapa ndipo picha inapotudanganya. Mwaka 2008 Martin Englund na wenzake walichapisha uchunguzi wa wakazi 991 wa mji wa Framingham, Marekani, wenye umri wa miaka 50 hadi 90. Watu hao hawakuchaguliwa kwa sababu wanaumwa magoti. Waliitwa kama wakazi wa kawaida wa mji. MRI ilionyesha meniskasi iliyochanika au kuharibika kwa asilimia 19 ya wanawake wa miaka 50 hadi 59, na kiwango kikapanda kwa umri hadi asilimia 56 ya wanaume wa miaka 70 hadi 90. Kati ya wote waliokutwa na michaniko, asilimia 61 hawakuwa wamepata maumivu wala kukakamaa kwa goti katika mwezi uliotangulia. Maana yake ni kwamba ukiwapitisha kwenye mashine wazee wote wanaotoka msikitini au kanisani wakitembea vizuri, utapata michaniko mingi ambayo wenyewe hawana habari nayo. Mwenye maumivu naye atakutwa nao, mara nyingi pamoja na gegedu ya mfupa iliyoanza kusagika, uzito uliozidi na misuli ya mapaja iliyonyauka kwa kukaa. Picha haisemi ni kipi kati ya hivyo kinachouma. Sisi ndio tunaoichagulia jibu, na tunachagua kile ambacho kuna kifaa cha kukikata.

Njia pekee ya kujua kama kukata kunasaidia ni kulinganisha waliokatwa na wasiokatwa, tena bila wao kujua wako kundi gani. Daktari Bruce Moseley alithubutu kufanya hivyo Houston, Texas, na mwaka 2002 akachapisha matokeo ya wagonjwa 180 wenye magoti yaliyosagika. Baadhi walioshwa ndani ya goti, baadhi walikwanguliwa, na wengine walichanjwa ngozi tu kisha wakashonwa. Miaka miwili baadaye hapakuwa na tofauti ya maumivu wala ya uwezo wa kutembea. Wakosoaji walisema, kwa haki, kwamba hao walikuwa na magoti yaliyochakaa tayari. Wenye mchaniko wa meniskasi bila kusagika wangefaidika. Wafini wakalichukua swali hilo. Raine Sihvonen na wenzake, katika hospitali tano za Finland, waliwachukua watu 146 wenye umri wa miaka 35 hadi 65, wenye dalili za mchaniko wa uchakavu wa meniskasi ya ndani na wasio na kusagika kwa goti. Wote waliingizwa chumba cha upasuaji na wote walichunguzwa kwa kamera. Mchaniko ulipoonekana kwa macho, bahasha ilifunguliwa: huyu akatwe, huyu aigiziwe. Kwa walioigiziwa daktari aliomba vifaa kama kawaida, akalikunja na kulisukuma goti, akawasha mashine ya kunyonya, na mgonjwa akakaa mezani muda ule ule. Wote walikuwa wameridhia mapema kwamba huenda wakaigiziwa, jambo linalowajibu wanaouona utafiti huo kuwa ulaghai.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Baada ya miezi 12 makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu kubwa, na hapakuwa na tofauti yenye maana kati yao. Ukiulizwa kwa nini basi kila mtaa una mtu anayeapa kwamba upasuaji ulimponya, jibu liko ndani ya takwimu hizo hizo: asilimia 89 ya waliokatwa walisema goti lao ni bora kuliko awali, na asilimia 83 ya walioigiziwa walisema vivyo hivyo. Hakuna aliyedanganya. Maumivu ya goti hupanda na kushuka, na mtu huenda hospitali yanapokuwa kileleni, hivyo lolote atakalofanyiwa litafuatiwa na nafuu. Ongeza mapumziko, matumaini, na mazoezi anayopewa kila aliyetoka kupasuliwa. Ushuhuda wa jirani unaeleza alivyopona. Hauwezi kueleza angekuwaje bila kupasuliwa. Wafini waliendelea kuwafuatilia watu hao, na miaka mitano baadaye nafuu ilikuwa bado inalingana, ila X-ray za waliokatwa zilionyesha kusagika kulikosonga mbele kidogo zaidi.

Wapo wasiopenda upasuaji wa maigizo na wangependa kujua upasuaji unashindanaje na tiba halisi. Majibu yapo. Jeffrey Katz na wenzake nchini Marekani waliwagawa watu 351 wa miaka 45 na zaidi, wenye mchaniko pamoja na kusagika kidogo, kati ya upasuaji na fiziotherapia. Baada ya miezi sita matokeo yalilingana. Norway, mwaka 2016, watu 140 wenye wastani wa miaka 49 na ushei waliwekwa kwenye wiki 12 za mazoezi yenye usimamizi au kwenye upasuaji. Miaka miwili baadaye walikuwa sawa, na waliofanya mazoezi walikuwa wamewazidi wenzao nguvu za misuli ya mapaja katika miezi ya mwanzo. Uholanzi, mwaka 2018, watu 321 wa miaka 45 hadi 70: jibu ni lile lile. Pingamizi moja hapa ni la kweli na halipaswi kufichwa. Katika utafiti wa Katz, asilimia 30 ya waliopangiwa fiziotherapia waliomba kupasuliwa ndani ya miezi sita. Wapo basi ambao mazoezi hayawatoshi. Lakini hao waliochelewa kupasuliwa waliishia na matokeo yanayofanana na ya waliowahi, kwa hiyo kusubiri hakukuwaharibia kitu. Na wale asilimia 70 waliepuka kisu ambacho wangepewa bila sababu. Mwaka 2017 jopo la wataalamu na wagonjwa lililoitishwa na jarida la BMJ lilitoa pendekezo kali dhidi ya upasuaji wa kamera kwa karibu wagonjwa wote wenye uchakavu wa goti, wakiwemo wenye michaniko ya meniskasi.

Sasa nije kwa wale ambao kisu ni chao. Goti lililokwama kabisa, lisilonyooka hata likilazimishwa, mara nyingi baada ya ajali ya bodaboda au rafu uwanjani, huweza kuwa na kipande kirefu cha meniskasi kilichopinduka na kujibana katikati ya mifupa. Huyo haambiwi akafanye mazoezi wiki 12. Anahitaji daktari bingwa wa mifupa mapema, ili kipande kirudishwe mahali pake na kushonwa kabla hakijaharibika. Mwingine ni yule ambaye mzizi wa meniskasi, pale inapojishika kwenye mfupa kwa nyuma, umeng'oka. Kwa hesabu ya uzito goti lake ni kama lisilo na meniskasi kabisa, na kuurudisha mzizi huo kunastahili kufikiriwa kama gegedu iliyobaki ni nzuri. Watoto na vijana nao, ambao meniskasi yao ina damu zaidi na wana miaka 60 ya kuitumia, wanastahili kila juhudi ya kushonewa. Isichanganywe na hao hisia ya goti kushika kidogo au kulia ka-ka-ka wakati wa kuinuka. Wafini walilichunguza hilo peke yake: wenye dalili za kushika waliokatwa hawakupata nafuu zaidi ya walioigiziwa.

Kushona si mteremko. Mgonjwa hutembea na magongo kwa wiki kadhaa, huzuiwa kuchuchumaa kwa miezi, na mchezaji hurudi uwanjani baada ya miezi minne hadi sita au zaidi, wakati aliyekatwa anaweza kurudi kwa wiki chache. Takriban mshono mmoja kati ya mitano hushindwa ukifuatiliwa kwa miaka mitano au zaidi, na mgonjwa huyo hurudi mezani. Daktari anayekata hupata mgonjwa anayemshukuru mapema. Anayeshona hupata mgonjwa anayenung'unika kwa nusu mwaka. Inahitaji ujasiri kumwambia kocha au mwajiri kwamba njia ndefu ndiyo nafuu. Ujasiri huo unastahili kulipwa, kwa sababu anayenufaika ni goti la mtu wa miaka 50 ambaye leo bado ni kijana wa miaka 20.

Nitakumbushwa wanamichezo mashuhuri, nao ni hoja yenye nguvu kwa umma kuliko utafiti wowote. Mchezaji wa soka Luis Suárez alipasuliwa meniskasi Mei 2014, na tarehe 19 Juni akaifunga Uingereza mabao mawili katika Kombe la Dunia Brazil. Mcheza tenisi Novak Djokovic aliumia katika mashindano ya wazi ya Ufaransa mwanzoni mwa Juni 2024, akapasuliwa siku chache baadaye akiwa na miaka 37, akacheza fainali ya Wimbledon Julai na kutwaa dhahabu ya Olimpiki Agosti. Sina la kuwabishia hao. Waliumia ghafla, wakiwa na misuli iliyojengwa kwa miaka, na wataalamu wa fiziotherapia wanaowaandama asubuhi hadi jioni. Lengo lao lilikuwa mechi ya mwezi ujao, na bei ya baadaye waliikubali wakijua. Karani mwenye goti linalouma tangu mwaka jana hana hata kimoja kati ya hivyo. Na hata miongoni mwa wanamichezo upo upande wa pili. Dwyane Wade, nyota wa mpira wa kikapu wa Marekani, alitolewa meniskasi akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, na goti hilo lilimsumbua katika miaka yake ya kucheza. Huko Denmark, utafiti wa mwaka 2022 uliwagawa vijana 121 wa miaka 18 hadi 40 kati ya upasuaji wa mapema na mazoezi yenye ruhusa ya kupasuliwa baadaye. Baada ya mwaka mmoja hapakuwa na tofauti kubwa, na takriban mmoja kati ya wanne wa kundi la mazoezi ndiye aliyeamua kupasuliwa. Waliohofiwa kuwa na kipande kilichopinduka hawakuingizwa humo, kama ilivyostahili.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi linatoka kwetu. Tafiti hizi, mtu atasema, ni za Wafini na Wadenmark wanaokaa vitini, wenye lami hadi mlangoni. Mkulima wa Mbeya anainama na jembe kutwa, mama wa Kisumu anafulia chini, Mwislamu anasujudu mara tano kwa siku, na vyoo vyetu vingi ni vya kuchuchumaa. Ni kweli, na ningependa sana kuona utafiti kama wa Finland ukifanywa katika hospitali za Muhimbili au Eldoret. Lakini tazama hoja hiyo inaelekea wapi. Goti likikunjwa kabisa, mzigo mkubwa huangukia sehemu ya nyuma ya meniskasi, na huko ndiko michaniko mingi ya uchakavu hukaa, ndiko mkasi hupita. Anayechuchumaa kila siku anaihitaji sehemu hiyo kuliko anayekaa kitini. Na goti likisagika kabisa, Mfini atawekewa goti la bandia kwa gharama za umma. Mkulima wa Mbeya atauza shamba au atabaki na fimbo. Tofauti ya maisha yetu na yao inatupa sababu ya kuwa wachoyo zaidi wa meniskasi zetu.

La pili linalosemwa ni kwamba fiziotherapia haipatikani. Wataalamu ni wachache nje ya miji mikubwa, na hata penye mtaalamu, mgonjwa mara nyingi hupewa mashine ya joto na kuchuliwa dakika 20, akaondoka akiamini amefanya mazoezi. Hiyo siyo tiba iliyopimwa Norway. Tiba ile ilikuwa kujenga nguvu: kukaa na kusimama kwenye kiti bila kushika, kupanda na kushuka ngazi moja kwa mguu unaouma, kusimama kwa mguu mmoja, kunyoosha goti ukiwa umefunga uzito kwenye kifundo, baiskeli, mara mbili tatu kwa wiki kwa miezi mitatu, uzito ukiongezwa kadiri misuli inavyozoea. Maumivu kidogo wakati wa zoezi huvumiliwa. Yakizidi au goti likivimba kesho yake, kiwango hupunguzwa. Kwa haya yanahitajika kiti, ngazi, mfuko wa mchanga na mtu wa kufuatilia. Mtaalamu mmoja anaweza kulisimamia kundi la wagonjwa kumi katika ukumbi wa zahanati. Kusema kwamba tiba hii haiwezekani katika nchi ambayo imemudu kununua kamera ya kuingiza gotini na mashine ya MRI ni kuchagua kutoona.

Utaambiwa pia kwamba matundu mawili hayana madhara, hivyo tujaribu tu. Madhara makubwa ni nadra, nakubali. Uingereza iliwapasua watu karibu 700,000 kwa njia hii kati ya 1997 na 2017, na hesabu zao zilionyesha damu kuganda mapafuni kwa chini ya mtu mmoja kati ya elfu, na usaha gotini kwa mmoja na ushei kati ya elfu. Hatari ndogo hukubalika kwa faida kubwa. Ikiwa faida yenyewe haizidi ya maigizo, basi hata mmoja kati ya elfu ni wengi, na hatujahesabu pesa, nusu kaputi, na siku ambazo muuza genge hakufungua biashara.

Siwatuhumu madaktari wetu kwa tamaa. Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) na hospitali za Nairobi zinafanya sasa upasuaji ambao miaka michache iliyopita ulimlazimu mtu kusafiri hadi India, na hilo ni jambo la kujivunia. Ila ujuzi mpya hutafuta kazi, na mfumo unaolipa kwa kila upasuaji utapata upasuaji. Wengine wameurekebisha kwa maandishi. Ujerumani iliuondoa upasuaji wa kamera kwa goti lililosagika kwenye malipo ya bima za umma mwaka 2016, na mwaka 2018 huduma ya afya ya Uingereza ikauweka kwenye orodha ya mambo yasiyolipiwa kwa kawaida. Chama cha Ulaya cha wapasuaji wa goti nacho kilikubaliana mwaka 2016 kwamba mchaniko wa uchakavu usianzwe kwa upasuaji, na kwamba miezi mitatu ya tiba nyingine itangulie.

Bima za umma, NHIF ya Tanzania na SHA ya Kenya, pamoja na kampuni za bima binafsi, ziandike kanuni kama hiyo sasa, kabla upasuaji huu haujawa mazoea. Kwa mgonjwa aliyevuka miaka 40 asiye na ajali wala goti lililokwama, wiki 12 za mazoezi yenye usimamizi zilipwe kikamilifu, na kibali cha upasuaji kitolewe baada ya hapo tu. Kwa aliyeumia ghafla, malipo ya kushona yazidi ya kukata, kwa kuwa kazi ni kubwa zaidi. Na daktari anayepasua aandike kwenye karatasi ya kumruhusu mgonjwa kama meniskasi imeshonwa au imekatwa, na kama imekatwa, kiasi gani kimebaki. Mgonjwa akirudi na goti lile lile miaka kumi baadaye, daktari atakayempokea ataihitaji karatasi hiyo.